netcdf.mod haionekani: Fortran na netCDF kwenye Ubuntu 22.04, na kwenye seva isiyo na sudo

mwana_wa_kibokoni

Asalaam aleikum waungwana. Nina programu ya Fortran, mistari kama 300, inayosoma joto la uso wa bahari kutoka faili za ERA5 (kumbukumbu za hali ya hewa ya dunia, kipande cha Mombasa hadi Kilifi), zilizo katika muundo wa netCDF, na kutoa wastani wa kila mwezi. Inatakiwa ifanye kazi kwenye laptopu yangu (Ubuntu 22.04, gfortran 11) na kwenye seva ya kazini (Rocky Linux 8, gcc 8.5, sudo, yaani ruhusa ya msimamizi, sina).

Kwenye laptopu nilifanya hivi:

```
sudo apt install gfortran libnetcdf-dev
gfortran joto.f90 -lnetcdf -o joto
```

Jibu:

```
Fatal Error: Cannot open module file 'netcdf.mod' for reading at (1): No such file or directory
```

Nikachukua netcdf.mod kutoka mashine ya mwenzangu, nikaiweka kwenye folda ya kazi. Kosa hilo likaondoka, likaja jingine:

```
undefined reference to `__netcdf_MOD_nf90_open'
```

Kwenye seva nimeshusha sosi ya netcdf-c 4.9.2. `./configure` inaishia hapa:

```
configure: error: Can't find or link to the hdf5 library.
```

Swali langu: nitumie pakiti au nijenge kutoka sosi pote pawili? Na nikijenga, naanza na nini? Bando langu si la kuchezea, kwa hiyo sitaki kushusha kitu mara mbili.

---

Fundi_Tudor

Wa aleikum salaam. Laptopu kwanza, maana hiyo ni ya dakika tano.

Ulichoweka ni maktaba ya C peke yake. Maktaba ya Fortran ni mradi wake mbali, unaitwa netcdf-fortran, na Ubuntu inaiweka kwenye pakiti yake: herufi f ni mbili. Watu wengi hupitwa na hiyo f ya pili.

```
sudo apt install libnetcdff-dev libnetcdf-dev netcdf-bin
```

netcdf-bin ni ya `ncdump` (huonyesha yaliyomo kwenye faili), utaihitaji.

Sasa ifute ile netcdf.mod ya mwenzako, usiibakishe hata kwa dharura. Faili ya .mod si kama faili ya heda ya C ambayo kompaila yoyote inaisoma. Inaandikwa na kompaila kwa muundo wake yenyewe. Ya ifort haisomeki na gfortran, na hata kati ya gfortran na gfortran kuna namba ya muundo ndani yake: GCC 8 hadi 14 wanatumia muundo mmoja, GCC 15 wamebadilisha. Ya mwenzako ilisomeka kwa bahati tu. Na kama toleo lake la netcdf-fortran halifanani na lako, programu inaweza kukubali kukompailika kisha ikuharibie kazi baadaye.

Kosa la pili lina sababu yake. Jina `__netcdf_MOD_nf90_open` ni taratibu nf90_open iliyo ndani ya moduli netcdf. Moduli imeonekana, lakini msimbo wenyewe umo ndani ya libnetcdff, na wewe uliunganisha na libnetcdf tu.

Usikisie bendera hizi kwa kichwa. Pakiti inakuja na `nf-config` ambayo inazijua:

```
gfortran $(nf-config --fflags) joto.f90 $(nf-config --flibs) -o joto
```

Mambo mawili kuhusu mstari huo. `--fflags` itakutolea `-I/usr/include`, nawe utaona haina maana kwa sababu /usr/include hutafutwa siku zote. Kwa C ni kweli. gfortran haitafuti faili za .mod humo mpaka uitume. Pili, `--flibs` ikae BAADA ya joto.f90. Ubuntu inamwambia linka (programu inayounganisha msimbo na maktaba) aitupe maktaba yoyote ambayo hadi hapo hakuna aliyeihitaji. Ukitanguliza maktaba, kufikia hapo hakuna aliyeomba chochote, inatupwa, na unarudi kwenye undefined reference huku ukiapa kuwa -lnetcdff umeiandika.

Kabla ya mistari yako 300, jaribu mitano:

```
program jaribu
  use netcdf
  implicit none
  print *, trim(nf90_inq_libvers())
end program jaribu
```

Ikichapisha namba ya toleo (22.04 inakuja na 4.8.1) basi laptopu imemalizika. Usijenge chochote kutoka sosi humo.

Ya seva namwachia Bi Mkomani.

---

bi_mkomani

Ahsante Fundi, umenitwika la mchana.

Mwana wa Kibokoni, kabla hujajenga, mwandikie msimamizi wa seva mstari mmoja: aweke `netcdf-fortran-devel` kutoka EPEL, hazina ya pakiti za ziada. Kwake ni amri moja ya dnf. Akikubali, netcdf.mod itakaa /usr/lib64/gfortran/modules, na mambo mengine ni kama alivyoeleza Fundi. Mtu akishindwa na configure siku tatu bila kuuliza swali hilo, mimi simwonei huruma.

Akikataa au akikawia, jenga ndani ya nyumba yako. Mpangilio haubadiliki, kila mmoja anamtegemea aliyemtangulia:

zlib (ya kubana data) → HDF5 → netcdf-c → netcdf-fortran

Wewe ulianzia wa tatu. netCDF-4 si muundo unaojitegemea, ni faili ya HDF5 iliyovikwa kanuni za netCDF, kwa hiyo bila HDF5 hakuna pa kuanzia. Kosa lako pia lingekupendekezea kuizima HDF5. USIKUBALI. Itajengeka vizuri kabisa, halafu haitafungua faili yoyote ya netCDF-4.

Angalia kwanza kilichopo:

```
ls /usr/include/zlib.h
which gcc gfortran m4 make
```

zlib.h ikiwepo, ruka zlib. m4 isipokuwepo, configure ya netcdf-c inakataa palepale, hiyo muombe msimamizi. Pia hakikisha gfortran ipo na ni toleo moja na gcc.

Chagua nyumba moja ya vyote vinne:

```
export P=$HOME/opt/nc
export PATH=$P/bin:$PATH
export LD_LIBRARY_PATH=$P/lib:$LD_LIBRARY_PATH
```

HDF5:

```
tar xf hdf5-1.14.5.tar.gz && cd hdf5-1.14.5
./configure --prefix=$P
make -j4 && make install
```

Kama umejenga zlib mwenyewe, ongeza `--with-zlib=$P`. Usiongeze `--enable-fortran`. Wengi huiweka wakidhani Fortran inahitaji Fortran chini yake, lakini netcdf-fortran inazungumza na maktaba ya C ya netCDF tu, HDF5 haiigusi. Unarefusha ujenzi bure. Vilevile usiweke `--enable-parallel` kama programu yako haitumii MPI (kugawa kazi kwa prosesa nyingi), la sivyo kila kitu cha juu yake kitadai mpicc. Na toleo 1.14.3 liepuke ikiwa unakompaili na `-ffpe-trap=invalid`: linazua hitilafu ya hesabu za desimali wakati maktaba inaamka tu, programu yako inaanguka kabla ya kusoma chochote.

Kwa -j4, angalia `nproc` na `free -h` kwanza. Seva ni ya wengi.

netcdf-c:

```
CPPFLAGS="-I$P/include" LDFLAGS="-L$P/lib -Wl,-rpath,$P/lib" \
./configure --prefix=$P --disable-dap --disable-byterange --disable-nczarr
make -j4 && make check && make install
```

Hizo disable tatu ni za kusoma data kupitia mtandao na hifadhi za mawingu, nazo huburuta libcurl na wenzake. Faili zako zimo kwenye diski, huzihitaji. Hiyo `-Wl,-rpath` inaandika anwani ya maktaba ndani ya kitu chenyewe, ili kesho ukisahau LD_LIBRARY_PATH isikwambie libhdf5 haionekani.

Kabla ya make, soma muhtasari ambao configure inauchapa mwishoni. Tafuta HDF5 Support. Ikisema no, simama hapo hapo.

netcdf-fortran 4.6.1 ni vivyo hivyo, CPPFLAGS na LDFLAGS zilezile, bila disable. Ikilalama kwamba haiwezi kuunganisha na netCDF ya C, mara nyingi ni LD_LIBRARY_PATH: configure huendesha programu ndogo ya majaribio, na programu hiyo lazima iione libnetcdf.so wakati wa kukimbia. Usichukue toleo la zamani sana la netcdf-fortran ukaipeleka kwenye gfortran 10 kwenda juu, itakugomea kwa kutolingana kwa aina za hoja mpaka uweke `-fallow-argument-mismatch`. Kwa gcc 8.5 yako hilo halikuhusu.

`make check` ya HDF5 ni ndefu, iache. Ya netcdf-c na ya netcdf-fortran usiziruke.

---

ganjoni64

Mbona mwajitesa? `conda create -n bahari -c conda-forge netcdf-fortran gfortran` na kazi imeisha, sudo haitakiwi, laptopu na seva zinafanana.

---

Fundi_Tudor

Ganjoni, hilo ni jibu halali, nami silipingi, kwa sharti moja: akiingia conda, aingie mzima mzima. Kompaila ya conda, maktaba ya conda, na nf-config ya conda, ndani ya mazingira yale yale. Umeiweka gfortran kwenye amri yako, vizuri. Wengi huweka netcdf-fortran ya conda kisha wanakompaili kwa /usr/bin/gfortran.

Na kuna bando. Mazingira hayo yanashusha mamia ya megabaiti pamoja na kompaila nzima. Sosi nne za Bi Mkomani ni ndogo kuliko hapo.

Pakiti za mfumo, conda, sosi: zote tatu zinafanya kazi. Kinachoua watu ni mchanganyiko, heda za huku na maktaba za kule.

---

mwana_wa_kibokoni

Ahsanteni sana. Laptopu imekubali mara ya kwanza, imechapisha 4.8.1.

Msimamizi amesema mpaka wiki ijayo, kwa hiyo nimejenga. HDF5 sawa. netcdf-c imejengeka lakini `make check` inaanguka:

```
Warning! *HDF5 library version mismatched error*
...
Headers are 1.14.5, library is 1.12.2
```

1.12.2 mimi sijawahi kuishusha. Kwenye .bashrc yangu kuna mistari ya zamani:

```
export LDFLAGS=-L$HOME/miniconda3/lib
export LD_LIBRARY_PATH=$HOME/miniconda3/lib
```

kwa hiyo niliandika `LDFLAGS="$LDFLAGS -L$P/lib"` ili nisiiharibu.

---

bi_mkomani

Umejijibu mwenyewe mwanangu. 1.12.2 imo kwenye miniconda (conda ndogo uliyoiweka zamani), iliingia pamoja na h5py au kitu kama hicho. Linka hupita folda za -L kwa mpangilio ulioandikwa, ikamkuta libhdf5 wa miniconda mlangoni, haikufika kwako. Heda ilizichukua kwako, maktaba kwa jirani. Heri HDF5 inakagua na kuanguka kwa kelele. Maktaba nyingine zingekaa kimya zikakupa namba za uongo.

Ondoa mistari hiyo miwili kwenye .bashrc. LDFLAGS na LD_LIBRARY_PATH si vitu vya kuishi humo daima. Toka, ingia upya, uhakikishe:

```
conda deactivate
env | grep -E 'FLAGS|LIBRARY|CPATH'
which nc-config h5cc
```

Mstari wa pili usitoe chochote kinachotaja miniconda. Wa tatu utoe njia za $HOME/opt/nc tu, au kimya kwa kile ambacho bado hujakijenga. Usisahau kuitangaza P, PATH na LD_LIBRARY_PATH tena, ni kikao kipya.

Halafu ndani ya netcdf-c: `make distclean`, kisha configure upya. Ukirudia make peke yake, configure ya zamani imeshaandika njia ya miniconda ndani ya kila Makefile, na utapata kosa lile lile. HDF5 yenyewe haina dosari, usiijenge tena.

Ukimaliza yote:

```
ldd ./joto | grep -E 'netcdf|hdf5'
```

Kila mstari utaje opt/nc.

---

mwana_wa_kibokoni

Alhamdulillahi. ldd yote ni opt/nc, make check zimepita zote mbili. jaribu inachapisha 4.9.2.

Limebaki moja, na linatokea pote pawili, kwa hiyo nadhani si usakinishaji. Faili za zamani zinafunguka. Faili ya juzi inatoa -51, `NetCDF: Unknown file format`. Jina lake linaishia .nc kama nyingine.

---

Fundi_Tudor

Jina halina ushahidi wowote. Tazama baiti nne za mwanzo:

```
head -c 4 juzi.nc | od -c
```

`C D F` na namba: netCDF ya zamani, 001, 002 au 005. `211 H D F`: netCDF-4. `P K 003 004`: hiyo ni zip. `<` na herufi za html: umeshusha ukurasa wa kuingia, si data.

Nakisia PK. Mfumo mpya wa Copernicus (huduma inayotoa data za ERA5) hufungasha kwenye zip ukiomba vigezo vya aina tofauti pamoja, kwa mfano joto la papo kwa papo na mvua ya kujumlishwa. Ukiandika jina la .nc wakati wa kushusha, inakuwa zip yenye kofia ya .nc. `unzip juzi.nc` utakuta faili zaidi ya moja ndani.

Na ukishaifungua, programu yako huenda ikagoma kwenye mwelekeo wa muda. Zamani uliitwa `time`, sasa ni `valid_time`. `ncdump -h` itakuonyesha. Zile za zamani pia zilikuwa namba kamili fupi zenye scale_factor na add_offset, hizi mpya ni desimali moja kwa moja. Kama msimbo wako unazidisha bila kuuliza kama sifa hizo zipo, nf90_get_att itarudisha kosa, nalo likipuuzwa utazidisha kwa takataka iliyomo kwenye kumbukumbu.

---

mwana_wa_kibokoni

Ni PK kweli, na ndani mna faili mbili. valid_time imo. Nimeongeza ukaguzi wa sifa zote mbili.

Swali la mwisho la bando: ninashusha dunia nzima kisha nakata na `ncks -d latitude,-5,-3`. Inatoa matokeo ya ajabu.

---

bi_mkomani

Dunia nzima kwa robo digrii ni 1440 × 721, pointi 1,038,240 kwa saa moja. Kwa baiti nne kila moja, siku nzima ya kigezo kimoja ni kama megabaiti 100. Omba eneo huko huko kwenye ombi, mpangilio wake ni kaskazini, magharibi, kusini, mashariki:

```
'area': [-3.5, 39, -5, 41]
```

Hapo unapata pointi 7 × 9, yaani 63. Siku nzima ni kilobaiti sita na kitu, ukiacha vichwa vya faili.

Kuhusu ncks: namba isiyo na nukta inasomwa kama nafasi kwenye safu, yenye nukta inasomwa kama digrii. -5 na -3 kwake ni nafasi zinazohesabiwa kutoka mkia, na kwa kuwa latitudo za ERA5 zinashuka kutoka 90 hadi -90, ulikuwa unakata barafu ya Ncha ya Kusini. Andika `-d latitude,-5.0,-3.5`.